Mimbari Badala ya Tawi: Dini katika Kampeni za Uchaguzi nchini Kenya

Dini huingia katika kampeni za uchaguzi nchini Kenya kwa njia tatu. Ya kwanza ni mgombea kuhudhuria ibada, kupewa nafasi ya kuwasalimu waumini na kuacha mchango. Ya pili ni viongozi wa dini kutoa msimamo kuhusu uchaguzi na kuwataka waumini waufuate. Ya tatu ni mgombea kuafikiana na jumuiya ya waumini juu ya madai yake. Njia hizi zimeandikwa sana, tangu enzi za Rais Daniel arap Moi, ambaye ibada zake za Jumapili zilikuwa sehemu ya taarifa ya habari, hadi upinzani wa maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari kwa utawala wake. Historia hiyo haihitaji kurudiwa hapa. Swali ambalo halijapata haki yake ni moja: mgombea hufuata nini hasa anapokwenda kwenye nyumba ya ibada?

Jibu lililozoeleka ni kwamba anafuata kura, kwa kuwa Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo. Wanaolitoa hupenda kumtaja John Mbiti, kasisi na mwanazuoni kutoka Kitui, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kinaanza kwa dai kwamba Waafrika wamezama katika dini. Mbiti hakuwa akieleza uchaguzi wa vyama vingi, na si haki kumtwika mzigo huo. Waliokuja baada yake ndio waliolichukua dai lake na kulifanya kanuni ya siasa: kwamba muumini hupiga kura kwa imani yake, na kwamba mchungaji au imamu ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la kura. Kanuni hii imerudiwa mara nyingi bila kupimwa. Ikipimwa, haisimami.

Kipimo cha kwanza ni kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 kuhusu katiba mpya. Baraza la Kitaifa la Makanisa, Kanisa Katoliki na makanisa ya kiinjili, ambayo kwa kawaida hayakubaliani kwa mengi, yalisimama pamoja kuipinga rasimu kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu utoaji mimba. Ujumbe ulisomwa makanisani Jumapili baada ya Jumapili. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Kama mimbari ingekuwa na ufunguo wa sanduku la kura, rasimu ingeanguka vibaya. Badala yake ilipita kwa takribani theluthi mbili ya kura. Ngome kuu ya upande wa "Hapana" ilikuwa Bonde la Ufa, ambako kampeni iliongozwa na mwanasiasa, William Ruto. Waumini mamilioni walisikiliza mahubiri, wakasema amina, kisha wakapiga kura jinsi walivyoona wao.

Kipimo cha pili ni wagombea ambao wenyewe ni wachungaji. Mwaka 2007 Askofu Pius Muiru, mhubiri aliyejaza watu katika mikutano yake, aligombea urais na kupata kura zisizofika 10,000 nchi nzima. Mwaka 2022 David Mwaure Waihiga, wakili na mchungaji, aliwania kiti hicho hicho na hakufikia hata nusu ya asilimia 1. Profesa George Wajackoyah, ambaye ahadi yake iliyovuma ilikuwa kuhalalisha bangi, alipata karibu mara mbili ya kura za Waihiga. Ni kweli kwamba Askofu Margaret Wanjiru alishinda ubunge wa Starehe mwaka 2007, lakini alishinda kwa tikiti ya ODM, chama kilichokuwa na nguvu kubwa Nairobi mwaka huo. Alipowania useneta wa Nairobi mwaka 2013 alishindwa, ingawa alikuwa askofu yule yule.

Kipimo cha tatu kiko ng'ambo ya mpaka. Watanzania hawapungukiwi na dini kuliko Wakenya. Misikiti na makanisa yao hujaa vilevile. Ikiwa ucha Mungu ndio unaozaa siasa ya madhabahuni, basi kampeni za nchi hizi mbili zingefanana, na hazifanani. Tanzania si nchi isiyo na mvutano wa kidini. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2010, waraka ulioandaliwa ndani ya Kanisa Katoliki ulijibiwa na Shura ya Maimamu kwa mwongozo wake, na mjadala ukawa mkali. Swali la dini liliondolewa katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na Mwalimu Julius Nyerere alionya hadharani mwaka 1995 dhidi ya kuuliza dini ya mgombea. Hata hivyo, desturi ya mgombea kuzunguka kanisa hadi kanisa kila Jumapili akiwa na bahasha ya mchango haikupata mizizi huko kama Kenya. Tofauti kubwa iko katika vyama. Chama tawala, CCM, kilirithi matawi na mabalozi wa nyumba kumi, mtandao unaofika mlangoni kwa mpigakura. Mgombea wa chama hicho ana mahali pa kukutana na watu kabla hajafika kwenye nyumba ya ibada.

Mtazamo uliozoeleka unaporomoka kabisa unaposomwa sambamba na hati moja ambayo haijasomwa vya kutosha: mkataba wa maelewano uliotiwa saini tarehe 29 Agosti 2007 kati ya mgombea urais Raila Odinga na Baraza la Kitaifa la Viongozi wa Waislamu, NAMLEF, lililoongozwa na Sheikh Abdullahi Abdi. Hati hii inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ilikuwa na pacha wa bandia. Wakati wa kampeni zilisambazwa nakala zilizodai kwamba Raila ameahidi kuleta sharia. Viongozi wa makanisa ya kiinjili walishtuka, wakalaani, na hofu ikaenea hadi mkataba wa kweli ulipotolewa hadharani Novemba.

Mkataba wa kweli ulizungumzia mambo ya aina nyingine. Mapema mwaka huo Wakenya kadhaa Waislamu walikuwa wamekamatwa na kupelekwa Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mahakamani, na mkataba ulitaka jambo hilo lishughulikiwe. Ulitaka Waislamu wasibaguliwe katika huduma za serikali, vikiwemo vitambulisho na pasipoti, ambavyo kijana wa Garissa au Mombasa alivifuata kwa miezi akiulizwa maswali ambayo mwenzake wa Nyeri hakuulizwa. Ulitaka Pwani na Kaskazini Mashariki zipate maendeleo ambayo zilikuwa zimenyimwa. Mwenye kuisoma hati hii kwa makini haoni jumuiya inayoomba imani yake itawale. Anaona raia wanaodai haki za raia kupitia chombo walichokuwa nacho kilichojipanga kutoka Lamu hadi Mandera. Rais Mwai Kibaki naye aliunda kamati ya kuyachunguza malalamiko ya Waislamu Oktoba mwaka huo. Wagombea wawili Wakristo walikuwa wakishindania madai yaliyopaswa kufikishwa na vyama vya siasa, lakini yalifikishwa na mashehe kwa sababu vyama havikuwa na masikio mahali pale.

Hapo ndipo penye maelezo yanayofaa. Dini imejaa katika kampeni za Kenya kwa sababu vyama ni vitupu. Tangu mwaka 2002 hakuna chama kilichompa mshindi wa urais tikiti mara mbili: NARC mwaka 2002, PNU mwaka 2007, TNA ndani ya muungano wa Jubilee mwaka 2013, Chama cha Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inadai chama kiwe na ofisi na angalau wanachama 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Lakini daftari la wanachama lilipofunguliwa kwa umma mtandaoni mwaka 2021, Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Hakuna mtu anayejikuta ni mwanakwaya bila kujua. Usharika una watu wanaofahamiana kwa majina, wanaokutana kila wiki, wenye umoja wa akina mama, kikundi cha vijana, mweka hazina, vipaza sauti na viti. Chama kinachozaliwa miezi michache kabla ya uchaguzi hakina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo huazima vyote.

Katika kanisa la kijijini alikolelewa mwandishi wa makala haya, mweka hazina aliweka daftari lenye safu tatu: jina, ahadi, kilicholipwa. Kurasa za miezi ya kabla ya uchaguzi zimejaa majina ya wawaniaji, kila moja na kazi yake: mabati ya jikoni, spika mbili, sare za kwaya. Baada ya uchaguzi majina hayo hutoweka, na safu ya tatu mara nyingi hubaki wazi. Katika soko la kijiji hicho hapakuwahi kuwa na ofisi ya chama chochote.

Viongozi wa dini wenyewe wamelitambua tatizo. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliongoza ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo nchini. Wanasiasa Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwapo. Ole Sapit aliwatambua, akawakaribisha kuabudu, lakini hakuwapa nafasi ya kuhutubu. Maaskofu wa Kikatoliki walitoa msimamo kama huo siku hizo hizo. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango wa Rais William Ruto alioutoa katika ibada.

Yapo yanayopingana na maelezo haya, na lazima yapimwe. Mwaka 1992 Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilinyimwa usajili lakini kilitikisa Mombasa. Hapo dini ilionekana kuwasukuma watu bila kuazimwa na mwanasiasa. Hata hivyo, madai ya IPK yalikuwa ya aina ile ile ya mkataba wa 2007, yaani haki za raia: ardhi, ajira, kutobaguliwa. Mikutano ya maombi ya Uhuru Kenyatta na Ruto ya mwaka 2011 na 2012, walipokabiliwa na kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliwafariji wafuasi na kuwaonyesha watuhumiwa kama wateswa. Hapo maombi yalifanya kazi ambayo jukwaa la kawaida lisingeweza. Lakini mikutano hiyo ilifanyika hasa kuunganisha ngome za Wakikuyu na Wakalenjin ambao mwaka 2008 walikuwa wakiuana, na hakuna chama kilichokuwepo cha kuwaunganisha. Imani ilitoa lugha. Haja ilikuwa ya siasa.

Kutokana na hayo, kuwafungia wanasiasa mlango wa kanisa ni jambo jema kwa kanisa lakini si tiba ya kampeni. Mwaka 2022 kipindi rasmi cha kampeni kilikuwa kati ya tarehe 29 Mei na 6 Agosti, ilhali harambee za ibadani zilianza miaka kabla. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya mwaka 2013 haikutumika kuweka ukomo wa matumizi mwaka 2017 wala 2022. Katiba, katika kifungu cha 91, inakataza chama kujengwa juu ya dini, lakini haikatazi chama kukosa kujengwa juu ya chochote. Marekebisho yanayohitajika ni matatu: mchango wowote wa mwenye nia ya kugombea uhesabiwe kuwa gharama ya kampeni popote utolewapo; Hazina ya Vyama vya Siasa itoe fedha kwa kuzingatia matawi yanayokutana katika wadi; na Msajili wa Vyama ahakikishe kila mwanachama aliyeandikwa amekubali mwenyewe. Vyama vikijengwa hivyo, mgombea atakuwa na pa kuwasikiliza wananchi siku sita za wiki, na ibada itabaki ya waabuduo.