JINA LA SULTANI KATIKA RELI YETU
(Hotuba ya fundi wa reli kwa wanachama, Makindu)



Nyote mwaijua stesheni ya Sultan Hamud. Huyo alikuwa Sultani wa Unguja, 1896 hadi 1902. Jina lake limefikaje Ukambani? Reli hii ilianzia katika nchi yake. Tangu 1895 Waingereza waliutawala Mwambao, ukanda wa maili 10, kwa kumlipa Sultani kodi, na bendera yake ilipepea Mombasa.

Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa Mwambao walitaka kujitenga. Waliihofia dini yao na mali yao chini ya watu wa bara. Wazee wetu wa Kitui na Makueni, waliofanya kazi relini na bandarini, wakahesabiwa wageni. Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte wa Unguja walipatana: Mwambao uwe Kenya, makadhi wabaki, hati za ardhi ziheshimiwe.

Dini ikalindwa, nayo ni haki. Lakini asiye na hati, Mwislamu au Mkristo, akabaki maskwota pale alipozaliwa.

Basi ndugu, mtu akija kutugawa kwa dini au kabila, tumwulize kwanza: shamba ni la nani?