Picha za Unguja ndani ya kompyuta za Ibra: faili gani itadumu?

Katika nyumba nyingi za Ibra, Sur na Nizwa limo sanduku la bati, au bahasha kuukuu, lenye picha zilizovuka bahari. Ni picha za harusi za Unguja na Pemba, za wanafunzi waliopangwa kwa safu, na za wazee waliosimama mbele ya pazia la studio, pengine ile ya Capital Art Studio iliyoanzishwa mjini Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930. Wapo waliozibeba baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964, na wapo waliokuja nazo baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 23, 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warejee.

Karatasi hizo sasa zinazeeka. Unyevu wa bahari huko Sur huzigandisha, na joto la bara huzikunja. Wajukuu huzipiga picha upya kwa kamera ya dijitali au kwa simu, wakiamini kwamba zimeokoka. Lakini je, ni kweli zimeokoka? Jibu linategemea jambo ambalo wengi hawaliulizi, nalo ni aina ya faili ambamo picha imehifadhiwa.

Faili inayojulikana zaidi ni JPEG, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1992. Picha yenye pikseli milioni 12 ingehitaji takriban megabaiti 36 kama isingebanwa. JPEG huifanya iwe megabaiti chache tu. Huigawa picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa yale ambayo jicho la mwanadamu halitambui kwa urahisi, hasa tofauti ndogondogo za rangi. Kilichotupwa hakirudi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kuifungua faili ya JPEG, au kuinakili kutoka diski moja hadi nyingine, hakuiharibu. Kinachoipunguza ni kuibadilisha na kuihifadhi upya. Binamu wa Muscat akikata ukingo, shangazi wa Dar es Salaam akiongeza mwanga, na kila mmoja akihifadhi nakala yake, picha hubanwa tena na tena. Huduma za kutumiana ujumbe, kama WhatsApp, nazo kwa kawaida huipunguza picha kabla ya kuipeleka. Sura ya mama aliyekaa mbele itaendelea kuonekana, lakini ya mtoto aliyesimama safu ya nyuma itageuka kuwa vipande vya miraba.

Aina ya pili huitwa RAW, yaani ghafi. Hii inafanana na negativu ya zamani, kwani huhifadhi kile kilichonaswa na kamera kabla hakijapikwa. Faida yake huonekana wazi katika soko la mbuzi la Nizwa, siku ya Ijumaa asubuhi. Jua ni kali, wauzaji wamevaa kanzu nyeupe, na wanyama wamesimama kivulini. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na mara nyingi kanzu hutoka kama karatasi tupu isiyo na mshono wala mkunjo. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, hivyo mpiga picha anaweza baadaye kuirudisha mikunjo hiyo, ilimradi mwanga haukuzidi uwezo wa kamera yenyewe.

Hata hivyo RAW ina kasoro zake. Faili ni kubwa, na kila kampuni ya kamera ina ya kwake, inayohitaji programu inayoielewa. Kwa sababu hiyo kampuni ya Adobe ilitoa mwaka 2004 muundo wa DNG, ambao maelezo yake yako wazi kwa wote.

Ya tatu ni TIFF, iliyobuniwa mwaka 1986. Hii ni kubwa na nzito, lakini inaweza kuhifadhiwa mara nyingi bila kupoteza kitu, na ndiyo inayopendwa na maktaba na nyaraka za taifa. Familia inayopitisha picha zake kwenye skana hufanya vyema kuzihifadhi kwa TIFF. Nakala hiyo ya asili isiguswe, na iwekwe mahali pawili tofauti. JPEG itengenezwe kutokana na hiyo kwa ajili ya kutumiana. Mwenye simu tu naye asikate tamaa: aihifadhi faili ya kwanza kama ilivyotoka, na anapoituma, aitume kama hati wala si kama picha.

Lipo jambo moja zaidi. Kamera huandika ndani ya faili tarehe ya kupiga picha. Picha ya harusi ya mwaka 1958 iliyopigwa upya Ibra wiki iliyopita itabeba tarehe ya wiki iliyopita. Kitukuu atakayeifungua miaka arobaini baadaye hatakuwa na njia ya kujua ni ya lini, wala ni nani aliyevaa kofia ya kiua. Kwa hiyo inafaa upande wa nyuma wa karatasi, wenye maandishi ya mkono, upigwe picha pia, na majina, mahali na mwaka viandikwe katika jina la faili.

Majina hayo hayamo katika JPEG, RAW wala TIFF. Yamo vichwani mwa akina bibi na babu walio hai hivi leo. Skana inaweza kusubiri mpaka mwezi ujao, lakini kuketi nao na kuwauliza kusingoje.