Mji wa Kashi na Mto Uitwao Mama

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Kutus, Kaunti ya Kirinyaga, mbele ya wakulima, walimu na wenye maduka.



Nimeombwa niwasimulie habari za safari yangu ya Bara Hindi, na hasa habari za mji mmoja ambao Wahindu huuheshimu kuliko miji mingine. Nashukuru kwa mwaliko huu, kwa kuwa najua ya kwamba wengi wenu mmewafahamu watu hawa tangu utoto. Mmenunua nguo, chumvi na mabati katika maduka yao kule Karatina na Nyeri. Lakini kununua bidhaa kwa mtu si kumjua. Tangu niliporudi nimeulizwa maswali mawili mara nyingi. La kwanza: kwa nini watu hao huchoma maiti zao? La pili: kwa nini huoga katika mto ambao kila mtu husema ni mchafu? Nitajaribu kuyajibu yote mawili, nanyi mtaona ya kuwa swali la pili latuhusu sisi wenyewe.

Kwanza yafaa tutenganishe maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Miongoni mwa Wahindi wa Kenya wako Waislamu, wako Wajaini, wako Wakristo, na wako Wasikhi ambao sisi huwaita Kalasinga. Habari za leo ni za Wahindu.

MJI WENYE MAJINA MATATU

Mji wenyewe uko kaskazini mwa Bara Hindi, katika jimbo la Uttar Pradesh, ukingoni mwa mto Ganga. Wacha Mungu huuita Kashi. Watu wengi huuita Banaras. Jina lake la serikali tangu mwaka 1956 ni Varanasi, nalo husemwa kuwa limetokana na vijito viwili, Varuna na Assi, vinavyoingia mtoni kila kimoja upande wake wa mji. Ni katika miji ya kale sana duniani ambayo watu hawajapata kuihama. Kiasi cha kilomita kumi kutoka hapo ni Sarnath, mahali ambapo Buddha alitoa mafundisho yake ya kwanza, karne nyingi kabla ya kuzaliwa Kristo.

Mto Ganga hutoka katika barafu ya Gangotri, juu ya milima ya Himalaya, nao huenda kiasi cha kilomita 2,500 mpaka Ghuba ya Bengal. Kwa sehemu kubwa huelekea mashariki, lakini hapo Kashi hugeuka ukaelekea kaskazini, kana kwamba wataka kurudi milimani ulikotoka. Wahindu huona kugeuka huko kuwa alama ya baraka. Mji wote umejengwa upande wa magharibi, ukilitazama jua linapochomoza. Ng'ambo ni mchanga mtupu. Kutoka mjini hadi majini zimejengwa ngazi za mawe, ambazo kila kundi huitwa ghati, na maghati hayo ni zaidi ya 80.

Nilishuka ngazi hizo alfajiri, kabla giza halijaondoka. Nilidhani nitakuwa peke yangu, kumbe maelfu walikuwa wamekwisha kunitangulia. Wazee walikuwa wamesimama majini hadi kiunoni, wakiinua maji kwa viganja na kuyamimina tena mbele ya jua. Akina mama walijaza vyombo vya shaba wapeleke maji nyumbani. Makuhani walikaa chini ya miavuli mikubwa, vinyozi wakawanyoa vichwa waliofiwa, na upande mmoja wafua nguo walikuwa wakipiga nguo juu ya mawe. Wote wauita mto huo Mama Ganga. Nilipowatazama nilikumbuka ya kuwa hata wazee wetu walisali wakiuelekea mlima wenye theluji, Kirinyaga, ambao mito yetu hutoka humo. Basi jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani.

MOTO USIOZIMIKA

Sasa nije kwenye swali la kwanza. Katika maghati hayo yako mawili ya kuchomea maiti, Manikarnika na Harishchandra. Pale Manikarnika moto huwaka usiku na mchana. Maiti huletwa juu ya machela ya mianzi, imevikwa nguo, huku wachukuzi wakilitaja jina la Mungu kwa sauti njia nzima. Huchovywa mtoni, kisha hulazwa juu ya kuni zilizopimwa kwa mizani kubwa. Mwana wa kiume, aliyenyolewa kichwa na kuvaa nguo nyeupe, ndiye awashaye moto. Baada ya saa chache majivu hutiwa mtoni. Sikusikia vilio vikubwa. Kuna ukimya, na kazi inafanywa.

Jambo moja lilinishangaza. Moto wenyewe hutunzwa na watu wa ukoo wa Dom, ambao kwa karne nyingi walihesabiwa kuwa watu wa chini kabisa. Hata hivyo, tajiri na maskini wote hawana budi kuuchukua moto mikononi mwao.

Sababu ya desturi hii ni imani. Wahindu huamini ya kuwa mwili ni nguo ambayo roho huivua, na kwamba roho huzaliwa tena na tena katika miili mingine. Moto huirudisha nguo hiyo ilikotoka. Na mtu akifia Kashi huamini kuwa roho yake hufunguliwa katika mzunguko huo. Ufunguo huo huitwa moksha. Ndiyo maana wako wazee wanaohamia Kashi ili kungoja siku yao ya mwisho, na jamaa walio mbali husafirisha majivu ya wafu wao mpaka huko. Tena si Ganga peke yake uliopokea majivu ya namna hii. Mahatma Gandhi alipouawa mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika Mashariki ikatiwa katika mto Nile pale Jinja, Uganda, na sanamu yake iko mahali hapo.

Najua wako watakaosema kuwa kuchoma maiti ni ukatili. Nawaomba wakumbuke mambo mawili. Zamani, kabla ya misheni kuja, Wagikuyu hawakuzika kila mtu. Waliozikwa walikuwa wazee wenye heshima na wenye watoto. Wengine walilazwa porini, kwa kuwa kugusa maiti kulileta thahu. Kumzika kila mtu katika sanduku ni desturi tuliyoipokea. La pili, Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana alichomwa alipofariki mwaka 2005. Na Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, alichomwa mwaka 2011 katika tanuri la Kariokor, Nairobi. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na kwa hiyo lilisukwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Nasema tu kwamba tusihukumu desturi ya jirani kabla hatujasikia sababu yake.

MAMA ANAYECHAFULIWA

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa wanaosema mto Ganga ni mchafu wanasema kweli. Si majivu yanayouharibu sana. Maji machafu ya vyoo na ya nyumba za miji mikubwa huingia humo, na viwanda navyo huongeza yao, kama vile viwanda vya ngozi vya Kanpur, mji ulio juu zaidi mtoni. Nilimwuliza mwendesha mashua kama maji yale yanafaa kunywewa. Aliteka kwa kiganja, akanywa, akaniambia kuwa Mama hawezi kumdhuru mwanawe. Nilinyamaza, maana sikutaka kumvunjia heshima. Lakini vijidudu vya maradhi havijui mwana wala mgeni.

Wahindu wenyewe wameliona jambo hili tangu zamani. Mwezi wa Februari mwaka 1916, Gandhi alialikwa kusema katika sherehe za kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras. Mbele ya wafalme na wakuu alisema waziwazi juu ya uchafu wa vichochoro vilivyolizunguka hekalu kuu la mji. Mwaka 1986 serikali ya India ilianza mpango mkubwa wa kuusafisha mto, na mwaka 2014 ikaanza mwingine ulio mkubwa zaidi. Fedha nyingi sana zimetumika, na kazi haijakwisha.

Lakini mtu niliyependa sana kusikia habari zake ni marehemu Veer Bhadra Mishra, aliyefariki mwaka 2013. Alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu hicho. Kila asubuhi alioga mtoni kama imani yake ilivyomtaka. Kisha maji yaleyale yalipimwa, na hesabu ya vijidudu ikaandikwa. Mwaka 1982 alianzisha chama cha kuutetea mto. Aliwafundisha wenzake wasiwaambie watu kuwa Ganga ni mchafu, kwa maana hilo huwa tusi, na mtu huziba masikio. Afadhali kuwauliza kwa nini wanaacha Mama yao amwagiwe taka. Imani yake haikumfanya aikatae hesabu, wala hesabu haikumfanya aiache imani.

NA MITO YETU JE?

Mabwana na mabibi, mto Thiba hauko mbali na hapa tulipoketi. Huo pamoja na Nyamindi ndiyo mito inayoilisha mpunga wa Mwea. Zamani hapana mtu aliyethubutu kukata mugumo au kuharibu kichaka kitakatifu, na chemchemi zilizokuwa humo zilisalimika kwa sababu ya hofu hiyo. Leo hofu imetutoka. Je, tumeweka nini mahali pake? Tazameni darajani: pikipiki na magari huoshwa mtoni, mafuta yakaelea juu ya maji. Wakati wa mavuno, kiwanda cha kahawa kisicho na mashimo ya kutosha huachilia maji ya kumenyea buni yaende mtoni yakinuka. Takataka za soko hungoja mvua izisukume. Na mto hauishii hapo: chini yako mama mwingine anateka maji ya mtoto wake.

Kwa hiyo nataka turudi nyumbani na kazi, si na hadithi tu. Wenye kahawa waulizane katika mkutano wa chama chao maji ya kiwanda huenda wapi. Mwenye shamba aache ukingo wa mto usilimwe, apande miti ya asili badala ya mikaratusi inayonywa maji. Vyoo vichimbwe mbali na vijito. Walimu wawachukue watoto wakauone mto kutoka juu hadi chini, wajue nani hutia nini.

Watu wa Kashi wana upendo mkubwa kwa mto wao, kuliko wetu kwa mito yetu. Na bado upendo huo peke yake haukuweza kuusafisha. Basi sisi ambao hata kuuita mto mama tumeacha, yatupasa tufanye kazi maradufu.