Mfanyakazi Anunue Apendako: Hotuba kwa Wananchi wa Vigwaza



Tumekuja kusema juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limemwondoa mtu kazini.

Dada yetu mmoja ameuza dukani kwa miaka miwili, bila upungufu wa fedha wala lawama. Wiki iliyopita alionekana jioni akitoka katika duka la ng'ambo ya barabara, kikapu mkononi. Ndani mlikuwa na unga kilo 2, sabuni na mafuta ya kupima. Asubuhi aliambiwa asirudi. Tajiri wake hatumtaji, wala hatukuja kumtukana. Naye ni mwenzetu, na amewapa kazi vijana wetu. Lakini neno alilolisema limeenea kutoka mizani mpaka njia ya Kwala, na matajiri wengine wameanza kulirudia. Alisema: "Anayekula kwangu anunue kwangu. Mkataa kwao mtumwa."

Ndugu zetu, neno hili tulipime kwa haki.

Tajiri ana uchungu wake, nasi hatuudharau. Mteja akimwona muuzaji wa duka hili ananunua katika duka lile, atajiuliza: huyu anajua nini nisichokijua mimi? Mtu aliyetia mtaji wake wote katika mabati na mizani ana sababu ya kuogopa swali hilo.

Lakini dukani kwa tajiri si "kwao" na dada yule. Kwao ni Vigwaza, na duka la ng'ambo nalo ni la Vigwaza. Yeye aliuza kazi, tajiri akatoa fedha. Siku ya mshahara wamekwisha lipana. Ikiwa tajiri bado anaichagulia fedha ile njia ya kupita, basi hakulipa, ameazima tu.

Mambo haya si mapya. Huko Uingereza, nchi iliyotutawala, palikuwa na matajiri waliowalipa wafanyakazi kwa bidhaa, au kwa hati za kununulia katika maduka yao wenyewe, kwa bei waliyoitaka wao. Mwaka 1831 Bunge lao lilipitisha sheria ya kukataza desturi hiyo katika kazi nyingi, mtu alipwe fedha taslimu. Hapa kwetu, wazee waliokata mkonge wakati wa ukoloni walituhadithia habari za kipande: mtu hakupata mshahara wake mpaka siku 30 za kazi zimejaa, na njaa haikungoja kipande kijae. Aliyekopa dukani kwa tajiri aliula mshahara kabla haujafika, na siku ya malipo akapokea salio. Mtu wa namna hiyo hata akionewa haondoki, maana deni limemfunga mguu.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 95 wa mwaka 1949, lilisema kwamba mwajiri asizuie uhuru wa mfanyakazi kutumia mshahara wake. Na kama kazini kuna duka, mfanyakazi asilazimishwe kununua humo. Nchi yetu ni miongoni mwa zilizouridhia mkataba huo.

Sasa tuulize swali ambalo tajiri hakuliuliza: kwa nini dada yule alivuka barabara? Twajua sababu, maana sisi sote tunazo. Ng'ambo wanapima mafuta ya kutosha chakula cha usiku mmoja. Kwa tajiri wake yanauzwa kwa chupa. Ng'ambo anaweza kuomba apunguziwe. Nani anaweza kugombea bei na mtu anayemwandikia mshahara? Tena akikopa ng'ambo, deni ni deni la mteja. Akikopa kwa tajiri, hata ruhusa ya kwenda kumwuguza mtoto ataiomba akitazama chini.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji ndiye aliye karibu kuliko wote na bidhaa za duka. Yeye akinunua kwingine, amemletea tajiri habari ya bure: bei iko juu, au kipimo hakimfai mtu wa mshahara mdogo. Mwenye akili angemwita na kumwuliza. Kumfukuza ni kumfukuza shahidi, na kosa likabaki dukani.

Hatusemi kwamba mfanyakazi hana wajibu. Saa za kazi ni za kazi. Asimnong'oneze mteja aende ng'ambo, wala asipeleke siri za bei za tajiri wake. Akifanya hivyo amekosa uaminifu, na hatutamtetea. Na tajiri anayetaka wafanyakazi wanunue kwake, njia iko wazi: awape bei ya mfanyakazi, awapimie kidogo kidogo. Avute kwa bei, asivute kwa hofu.

Ndugu zetu, wako watakaouliza: na duka la ushirika je? Hapo tuseme kwa uangalifu, maana duka la ushirika ni letu wenyewe. Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, miongoni mwao wafumaji, walifungua duka lao dogo, na faida wakagawana kwa kadiri ya kila mmoja alivyonunua. Kila aliyenunua alijua kwamba anajijenga.

Nasi tulijaribu. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, ili ushirika uwe na maduka yake, haikudumu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yakafungwa sehemu nyingi ili wananchi wanunue katika maduka ya ushirika na ya vijiji. Nia ilikuwa kumkomboa mwananchi. Lakini duka likiwa tupu, kufunga la jirani hakulijazi. Watu walitaabika, na haikupita muda Serikali ikalegeza kamba. Kama amri ya dola haikuweza kumfanya mtu alipende duka, ataweza tajiri mmoja wa barabarani?

Kwa hiyo hata katika ushirika hatulazimishi. Lakini mjumbe wa kamati anayenunua kwingine kimya kimya ana deni kwetu. Huyo ni mwenye duka, na ana mdomo katika mkutano. Asimame aseme: sukari yetu ni ghali, daftari halisomwi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi wa tajiri hana mkutano wa kusema, ndiyo maana husema kwa miguu.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwanza, kesho asubuhi wazee watatu waende kwa tajiri yule, kwa heshima, wamwombe amrudishe dada yetu. Pili, akikataa, tusikae. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Leo ni siku ya 9. Tutamsindikiza, na nauli tutachanga hapa hapa.

Na asitoke mtu hapa akasema tuligomee duka lile. La. Aliyezoea kununua pale na aendelee. Hatuwezi kudai dada yetu awe huru kuchagua duka, kisha tukamchagulia jirani.