KUNUNUA MOTOKAA ILIYOKWISHA TUMIKA

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa tawi. Imechapwa kwa maombi ya wanachama.)



Katibu ameniomba niseme maneno machache juu ya motokaa kuukuu: namna ya kuichagua na namna ya kuitunza. Mimi ni mtu wa karakana ya reli, si mwuza motokaa. Sina yo yote ya kuwauzia, kwa hiyo msikilize bila kushika mifuko.

Wako watakaouliza: je, jambo hili lahusu chama? Lahusu sana. Wengi wetu hatununui motokaa kwa fedha taslimu. Twakopa katika Sacco, na nguvu ya mkopo ule ni sahihi za wenzetu. Motokaa ikifa baada ya miezi mitatu, deni halifi pamoja nayo. Makato yaendelea kila mwisho wa mwezi, na mwenye mkopo akishindwa, wadhamini ndio watakaokatwa. Nimeona watu wa zamu moja, waliokula sahani moja, wakiacha kusalimiana kwa sababu ya gia boksi. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Sisemi msinunue. Mtu anayeanza zamu saa kumi alfajiri hapati matatu wakati ule, na mtoto akiugua usiku hawezi kungoja kuche. Kwa mtu kama huyo motokaa si anasa. Nasema tu tununue kwa akili.

KWANZA, HESABU. Tufanye mfano. Umekopa shs. 500,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, ulipe kwa miezi 36. Kila mwezi utakatwa shs. 16,607. Hayo ni malipo ya motokaa iliyosimama chini ya mti. Bado petroli, bima, oili na matairi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema makato yote yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Thuluthi ile inayobaki ni ya unga, kodi ya nyumba na karo. Haikuwekwa iwe petroli.

Basi shauri langu ni hili: usimalize fedha zote katika kununua. Ukiwa na shs. 500,000, tafuta motokaa ya shs. 400,000, na 100,000 iweke kando. Motokaa kuukuu haikosi kudai kitu katika miezi ya mwanzo: leo betri, kesho breki, kesho kutwa matairi mawili. Aliyemaliza fedha siku ya kununua huanza kukopa tena siku ya pili. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

PILI, AINA. Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa kuukuu iliyopita miaka minane. Kwa mwaka 2025, ilipasa iwe imeandikishwa mara ya kwanza tangu Januari 2018. Kwa hiyo zile zinazoshuka Mombasa zina bei kubwa, na mfanya kazi hununua iliyokwisha tumika hapa hapa kwetu, yenye miaka 12, 15 au zaidi. Hakuna aibu. Motokaa hiyo imekwisha onyesha tabia yake katika barabara zetu.

Usiulize ipi inapendeza. Uliza ipi ina spea katika mji unaokaa, na fundi anayeijua. Watu huicheka Toyota Probox kwa kuwa hubeba mayai na miraa. Lakini motokaa ile ilianza kutengenezwa mwaka 2002, injini zake za petroli za 1300 na 1500 zatumia mnyororo badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya safari ndefu, na spea zake zapatikana Voi mpaka Malaba. Ila mjue jambo moja: zile zilizotengenezwa tangu mwaka 2014 zenye gia za kujibadilisha zina gia za aina ya CVT. Gia hizo zina oili yake. Fundi akitia oili ya gia za kawaida, ameua gia boksi. Sisemi wote tununue Probox. Nasema kila aina uiulize maswali hayo hayo.

TATU, KUKAGUA. Nenda mchana, pasipo mvua, na umwambie mwenye motokaa asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa moto, uliza kwa nini. Injini mbovu huficha ugonjwa wake ikiwa imekwisha pata joto. Kifuniko cha redieta kifungue injini ikiwa baridi tu, usije ukaungua uso. Ukiona mafuta yaelea juu ya maji, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwisha au silinda hedi imepasuka. Aga uende zako.

Kisha iwashwe, na wewe usimame nyuma. Moshi wa rangi ya samawati maana yake injini yala oili. Moshi mweusi, yala petroli kupita kiasi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si neno, lakini usipokwisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia ndani ya silinda.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukikuta alama ya tope, motokaa hiyo ilizama katika mafuriko, na nyaya zake zitakusumbua maisha. Tazama ubavuni mwa tairi, utakuta tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi likiwa limelika upande mmoja, magurudumu hayakunyoka, au chasi ilipata ajali. Hesabu ya kilomita nayo yaweza kurudishwa nyuma. Mita ikisema 60,000 na mpira wa kanyagio la breki umelika mpaka chuma, amini mpira.

Iendeshe nusu saa, katika mlima na katika barabara mbovu. Sikiliza. Kanyaga breki uone kama yavuta upande. Na uende na fundi wako mwenyewe, si wa mwuzaji. Mlipe fundi huyo ununue au usinunue, kwa maana fundi anayelipwa ukinunua tu atakuambia ununue. Mwombe akuandikie aliyoyaona katika karatasi.

NNE, HATI. Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta habari za motokaa hiyo katika NTSA, upate karatasi inayoonyesha mwenyewe ni nani. Linganisha namba ya chasi na ya injini na zile zilizoandikwa. Jina la benki likiwamo, motokaa haijawa huru. Ngoja mpaka deni lilipwe na jina litolewe. Lipa kwa njia ya benki ili ubaki na ushahidi, na jina libadilishwe mara moja. Usikubali maneno ya "nitakubadilishia baadaye." Baadaye huyo hashiki simu.

TANO, KUTUNZA. Hapa sisi watu wa reli tuna la kusema. Katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi imesimama mashine ya moshi namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Mashine za jinsi ile zilianza kazi mwaka 1955, na za mwisho zilivuta mizigo mpaka karibu mwaka 1980. Hazikudumu kwa kuwa chuma chake hakichakai. Zilidumu kwa sababu mashine ya reli hairudi karakana kwa kuharibika tu. Hurudi siku yake ikifika. Motokaa yako yataka desturi hiyo.

Nunua daftari. Andika tarehe, kilomita, kitu kilichobadilishwa na bei yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Oili ya injini na filta yake badilisha kila kilomita 5,000. Mara moja kwa juma, kabla ya kuwasha, tazama oili, maji, mafuta ya breki, upepo wa matairi na taa zote. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama yaonekana mazuri. Ndani ya redieta usitie maji ya mtoni. Tia dawa yake, kwa maana maji matupu huleta kutu. Ukisikia beringi yalia leo, usiongeze sauti ya redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena, weka akiba ya motokaa kila mwezi, hata shs. 3,000. Mwezi usio na matengenezo usidhani umepata faida. Deni hilo linakungoja mbele.

Sasa namalizia kwa neno linalotuhusu sote, hata asiye na nia ya kununua. Mwenzako akikuletea fomu ya udhamini kwa ajili ya motokaa, usikatae, lakini mwombe akuonyeshe karatasi mbili: ile ya fundi na ile ya NTSA. Asipokuwa nazo, mwambie kwa upole azitafute kwanza, kalamu itangoja. Huko si kumnyima. Ni kulinda mshahara wake na wako. Na sisi wa karakana tuko tayari kwenda na mwanachama ye yote siku ya mapumziko yetu kuitazama motokaa kabla hajalipa. Malipo yetu ni chai na mandazi tu. Atakayetaka aandike jina lake kwa Katibu kabla hatujatawanyika.