Wamama, Mukebe Unasema Nini?

(Mazungumzo ya siku ya kupimisha watoto)

Mwenye mutoto anayelia amunyonyeshe tu. Kunyonyesha hakuzuii masikio.

Leo hatutasema juu ya mbu wala juu ya choo. Tutasema juu ya mikebe na pakiti. Hapa juu ya meza munaona vitu vine vya dukani: mukebe wa maziwa mazito ya sukari, pakiti ya unga mweupe yenye picha ya ng'ombe, chupa ya limonade, na pakiti ya chumvi. Vyote vina rangi nzuri. Ulizo letu ni moja: nani anachagua chakula cha mutoto wako? Ni wewe mama, ao ni picha?

1. MBELE YA MUKEBE NI MAHALI PA KUUZISHIA

Mama akifika dukani, wakati wake ni mufupi. Mutoto iko mugongoni, feza ni kidogo, watu wanasukumana nyuma yake. Hawezi kusoma kila neno. Anaangalia rangi, anaangalia picha, anaona neno moja kubwa, basi amechagua.

Mwenye kutengeneza mukebe anajua hiyo. Kwa hiyo upande wa mbele anaandika yale anayotaka uone: « Vitamines », « Calcium », « Énergie ». Yale ambayo sheria inamulazimisha kusema, anayaandika nyuma kwa herufi ndogo kama siafu.

Hatusemi kwamba neno la mbele ni uongo. Vitamini inaweza kuwa ndani kweli. Lakini vitamini haiondoi sukari. Wale waliochunguza namna watu wanavyonunua chakula waliona hivi: mutu akisoma neno moja zuri mbele, anafikiri kitu chote ni kizuri, na mara nyingi hageuzi nyuma. Neno moja linafunika mengine yote, kama kikwembe kipya kinavyofunika nguo iliyopasuka.

2. JAMBO LILILOTOKEA LAOS

Katika mwaka 2008, waganga walitangaza uchunguzi uliofanyika Laos, inchi ya Asia. Kule waliuzisha mukebe wa krimu ya kutia ndani ya kahawa. Juu yake kulikuwa picha ya dubu aliyekumbatia mutoto wake kifuani, sawa mama anayenyonyesha.

Waganga waliuliza watu zaidi ya 1,000 katika vijiji 84. Karibu nusu walisema picha ile inaonyesha kwamba ni chakula cha watoto wachanga. Karibu mutu mumoja kwa watano alikuwa amekwisha kumupa mutoto wake krimu ile. Na watu 8 kwa 10 hawakuwa wamesoma maneno yaliyoandikwa juu ya mukebe.

Wamama, krimu ya kahawa si maziwa ya mutoto. Haina vyakula vya kujenga mwili vinavyomutosha. Mutoto ananyamaza kwa sababu tumbo limejaa, lakini mwili wake unabaki na njaa. Kinachofuata munakijua: miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu, mutoto hataki kucheza tena. Ni bwaki.

Wale wazazi wa Laos hawakuwa wajinga, wala hawakukosa upendo. Walisoma picha, na picha iliwapoteza. Jambo hili linaweza kutupata sisi pia, hata yule aliyesoma shule nyingi.

3. MAZIWA MAZITO YA SUKARI

Tuje sasa kwa mukebe wa kwanza. Maziwa haya ni matamu, watoto wanayapenda. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Ukiyachanganya na maji mengi ili utamu upungue, chakula cha kujenga mwili kinapungua pia. Na kama maji si safi, unaongeza kuhara juu ya njaa.

Vita hii si ya leo. Mama muganga mumoja, Docteur Cicely Williams, aliyefanya kazi kule Gold Coast (leo ni Ghana), ndiye aliyeandika jina kwashiorkor katika magazeti ya waganga mwaka 1935. Mwaka 1939, akiwa Singapour, alisimama mbele ya wakubwa wa mji akasema wazi kwamba maziwa ya namna hii yanaua watoto wachanga. Hotuba yake aliiita « Maziwa na Uuaji ».

Miaka mingi ilipita. Ndipo mwaka 1981, mukutano mukubwa wa Shirika la Afya la Dunia ulikubali kanuni juu ya kuuzisha vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Kanuni ile inasema: juu ya mukebe wa maziwa ya watoto wachanga pasiwekwe picha ya mutoto muchanga, wala picha ao neno la kusifu mukebe kupita kiasi. Iandikwe wazi kwamba maziwa ya mama ndiyo bora. Tena inasema kwamba maziwa mazito ya sukari hayafai mutoto muchanga, na mukebe wake usifundishe namna ya kuyageuza kuwa chakula chake.

Munaona? Wakubwa wa dunia walikaa chini juu ya picha. Walijua kwamba picha ya mutoto munene mwenye kucheka ina nguvu kuliko maneno ya muganga.

Na pakiti hii ya ng'ombe? Geuza nyuma. Hapa imeandikwa « matière grasse végétale ». Maana yake: mafuta ya maziwa yametolewa, wakatia mafuta ya mimea. Mutu mukubwa anaweza kuitia katika chai yake. Lakini si maziwa ya mutoto muchanga, hata kama ng'ombe anacheka.

4. ALAMA ZINAZOSAIDIA

Musifikiri kwamba kila alama ya mbele ni mutego. Ziko zinazosaidia.

Katika inchi ya Chile, tangu mwezi wa sita wa 2016, chakula chenye sukari mingi, chumvi mingi ao mafuta mabaya mingi kinabeba alama nyeusi mbele yake. Alama ina pembe nane, kama ile ya kusimamisha motokari barabarani. Hata mutoto anaielewa. Baada ya sheria ile, watu walipunguza kununua vinywaji vya sukari vyenye alama, karibu robo nzima. Lakini tuseme kweli yote: sheria ile ilikataza pia kuvitangaza kwa watoto na kuviuzisha mashuleni. Alama haikufanya kazi peke yake. Tena viwanda vingine vilipunguza sukari ili kukimbia alama.

Kule Ufaransa, tangu 2017, pakiti nyingi zina herufi tano, A mpaka E. A ina rangi ya majani, E ni nyekundu. Vitu vya Ulaya vinafika mpaka katika maduka yetu, kwa hiyo siku moja utaziona. A maana yake ni bora kuliko E, kati ya vyakula vya namna moja: biskuti na biskuti, jus na jus. Lakini shika neno hili: herufi zile hazikuwekwa kwa vyakula vya watoto wa chini ya miaka mitatu. Usiseme: « Ina A, basi nimupe wa miezi miwili. »

Alama ya tatu iko hapa, juu ya chumvi: « Sel iodé ». Hii tunaitafuta! Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kilijulikana na waganga wa inchi nyingi juu ya ugonjwa wa kuvimba shingo, kwa sababu ya kukosa iode. Iode inajenga pia akili ya mutoto tangu tumboni. Ukikuta pakiti mbili za chumvi, chukua ile yenye neno hilo, uifunike vizuri, uiweke mbali na jua na maji.

5. GEUZA NYUMA: MAMBO MANE

Kwanza, angalia orodha ya vitu vilivyo ndani, « Ingrédients ». Kinachotajwa mbele ndicho kinazidi kwa uzito. Kama « sucre » ni neno la kwanza ao la pili, jua umenunua sukari.

Pili, angalia « sucres » kwa 100 g ao 100 ml. Chupa hii ya limonade inasema 10 g kwa 100 ml, na chupa ina 300 ml. Basi ni 30 g. Kijiko kidogo cha chai kinabeba karibu 5 g. Tuhesabu pamoja: moja, mbili, tatu, ine, tano, sita. Vijiko sita! Nani kati yenu anatia vijiko sita katika kikombe cha mutoto?

Tatu, tafuta neno « Ne convient pas aux nourrissons ». Maana yake: hakifai watoto wachanga. Hata kama limeandikwa kidogo, ni neno kubwa.

Ine, angalia tarehe ya mwisho. Na mukebe uliovimba ao wenye kutu, uache dukani.

MAULIZO YA WAMAMA

« Mimi sikusoma. Nitafanya namna gani? »

Usione haya, mama. Mutoto wako wa shule anaweza kukusomea. Ao lete mukebe hapa mbele ya kuufungua, tutausoma pamoja. Na kama hakuna wa kukusomea, usimupe mutoto kitu kwa sababu ya picha tu.

« Wangu ana miezi mine, analia sana usiku. Mama mukwe anasema maziwa yangu hayatoshi, ninunue mukebe. »

Mama mukwe anapenda mujukuu wake, umuheshimu. Lakini kilio si njaa kila mara. Tutaangalia kilo: kama inapanda vizuri, maziwa yanatosha. Mutoto akikojoa mara sita ao zaidi kwa siku, naye hanywi kitu kingine, ni alama nzuri. Umunyonyeshe mara nyingi, muchana na usiku, kwa maana mutoto anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyokuja. Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama peke yake. Siku ingine njoo na mama mukwe, tuzungumuze wote.

« Na kama mama amekufa? »

Huyo mutoto aletwe hapa siku ile ile. Yako maziwa ya kweli ya watoto wachanga, lakini yanahitaji maji safi, kikombe safi na kipimo cha sawasawa. Muganga atawaonyesha. Musianze peke yenu.

« Baada ya miezi sita nimupe nini, kama vya mukebe si vizuri? »

Mama, chakula bora cha soko letu hakina picha. Maharagi hayana picha. Sambaza, ndagala, karanga, lenga-lenga, yai, avoka, vyote vinalala juu ya kikwembe chini, hakuna aliyeandika « Vitamines » juu yake. Tengeneza uji muzito, tia unga wa karanga na wa samaki ndogo, na mafuta kidogo ya mawese. Uendelee kumunyonyesha mpaka miaka miwili ao zaidi. Tena peleka feza ya mukebe mumoja kwa muuzishaji wa maharagi, uone utapata ngapi.

Basi wamama, tuseme pamoja yale ya kushika: picha si chakula, geuza nyuma, chumvi iwe na iode, mukebe usioujua, ulete hapa.

Sasa tuanze kupima. Aliyefika wa kwanza alete mutoto, na wengine washike karte mukononi.