Kupima Mwendo wa Mutoto: Neno la Wakatekista Siku ya Jubile



Tumeombwa kusema juu ya kazi ya wakatekista na walimu katika miaka hii 50 ya parokia yetu. Wengine watahesabu mbele yenu wabatizwa, ndoa, na makanisa madogo yaliyojengwa vijijini. Hesabu hizo ni za kweli, nasi tunazifurahia. Lakini sisi tumechagua neno moja tu, lile linalotusumbua kila mwaka Pasaka inapokaribia: tunajuaje kwamba mutoto tuliyepewa ameendelea? Tena, kabla ya hilo, tulitaka afike wapi?

Ulizo hili si jipya katika inchi hii ya ziwa Tanganyika. Kardinali Lavigerie, aliyetuma wamisionari wake wa kwanza kwenye maziwa makubwa mwaka 1878, aliwakataza kubatiza watu wazima kwa haraka, isipokuwa katika hatari ya kufa. Aliweka muda wa miaka 4. Kwa miaka 2 mutu alikuwa postulanti, akijifunza kweli za kwanza juu ya Mungu na kuachana na desturi zisizopatana na imani. Kwa miaka 2 mingine alikuwa mukatekumeni, akifundishwa mafumbo ya imani yenyewe. Mapadri Weupe waliofika Mpala mwaka 1885 walileta kanuni hiyo pamoja nao. Na tusidhani kwamba ilikuwa kanuni ya kungojea tu. Kila kituo kilikuwa na mwisho unaojulikana, na hakuna aliyepita kituo bila kuulizwa juu ya masomo yake, wala bila mashuhuda wa maisha yake kijijini. Stefano Kaoze, aliyepata upadri tarehe 21 mwezi wa 7 mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yetu ya leo, alipandishwa daraja kwa daraja na walimu waliojua kila mara alipofika na alipobakiza.

Lakini hatutaki kusifu zamani kupita kiasi. Miaka ilivyopita, kipimo kilipunguka kidogo kidogo hata kikawa kimoja tu: kujua kwa moyo. Ulizo la katekisimu lilisomwa, jibu likatoka upesi, mutoto amepita. Jibu likichelewa, ameanguka, arudie mwaka. Sisi tuliopita seminari ndogo tulilelewa hivyo pia, na pointi zetu zilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Tulipopewa kazi ya kufundisha, tuliwapimia watoto wa watu kwa kibaba kile kile tulichopimiwa.

Tunapaswa kuwaelezea jambo moja, ijapokuwa si la kutupa sifa siku ya sikukuu. Imepita miaka zaidi ya 10. Alikuwako binti mumoja katika kundi letu, mwenye miaka 12 alipoandikwa, mupole, asiyekosa hata Jumamosi moja. Alikaa nyuma kwa sababu alikuwa murefu. Kila mara tulipomuuliza, alitazama midomo yetu, akajibu neno jingine kabisa, na wenzake wakacheka. Mwaka wa kwanza tuliandika: ameanguka. Mwaka wa pili tuliandika vilevile. Mwaka wa tatu hakurudi.

Miezi michache baadaye mwalimu wake wa shule ya musingi alitutembelea kwa shauri lingine, akiwa na kaye za wanafunzi mukononi. Tulitazama kaye ya binti yule. Hesabu alizonakili kutoka ubaoni: nzuri. Kusoma na kujibu kwa maandishi: vizuri. Imla, inayosomwa na mwalimu kwa mudomo: karibu sifuri, mwezi kwa mwezi, mwaka muzima. Tuliangaliana. Mutoto hakuwa mujinga; hakusikia vema. Mwalimu alikuwa na alama zote bila kuzilinganisha, na sisi hatukuwa na alama yoyote ila lile neno moja, ameanguka. Na mafundisho yetu yote yalikuwa ya mudomo!

Tulikwenda kwao mara 3. Mama yake alitupokea kwa heshima. Binti mwenyewe alitoka mara ya tatu tu, akasema: « Mwalimu, mimi nimekwisha kuzoea kuwa mujinga. » Hatukupata la kumujibu.

Tangu hapo tulibadili namna yetu ya kufanya kazi. Walimu wa shule wanajua fishi ya maandalizi, na lile neno linaloandikwa juu yake: « Mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza… » Ni neno zuri sana, na mara nyingi halina kazi, kwa sababu linanakiliwa kutoka fishi ya mwaka uliopita kusudi inspekta aweke sahihi. Sisi tuliliazima, lakini tukajilazimisha kutaja jambo linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. Kuandika « watoto watajua Baba Yetu » si shabaha, ni hamu tu. Shabaha ni hii: « Mwishoni mwa mwezi wa 10, mutoto atasali Baba Yetu peke yake, bila kusaidiwa, na ataeleza kwa maneno ya nyumbani kwao maana ya kusamehe. »

Tena shabaha hiyo haiwezi kuwa moja kwa wote. Mutoto wa nyumba inayosali kila jioni anakuja akijua sala hiyo tangu maziwa ya mama. Tukimupa shabaha hiyo hatumupi kitu, na afazali tumupe kazi ya kuongoza wenzake. Mwingine, ambaye wazazi wake si wakristu, anaanzia kwenye alama ya musalaba. Ndiyo maana Jumamosi mbili za kwanza za mwaka hatufundishi somo jipya. Tunasikiliza tu, tunaandika kila mumoja anaanzia wapi, na tunachungua pia nani hasikii, nani haoni ubao, nani anaelewa Kitabwa kuliko Kiswahili.

Kwa kufuata mwendo, kila mutoto ana ukurasa wake katika kaye. Hatuandiki pointi. Tunaandika tarehe, na moja ya maneno haya: « peke yake », « kwa musaada », « bado »; kisha mustari mumoja juu ya tulichoona. Watu wanatuuliza: munawezaje, na kundi lina watoto 60? Shida hiyo ni ya kweli, na walimu wa shule wanaijua kupita sisi, maana tangu masomo ya shule za musingi za serikali yalipofanywa ya bure mwaka 2019, kalasi zao zimefurika. Sisi tunasikiliza watoto 15 kila Jumamosi, wengine wakiimba au wakichora pamoja na musaidizi. Katika Jumamosi 4 wote 60 wamesikilizwa. Na tukiona « bado » kwa watoto 40, hatuwakaripii. Somo letu ndilo lililoanguka, turudi kulitengeneza.

Hata kaye inaweza kusema uongo. Mwaka mumoja tulikuta kurasa zote za kijiji kimoja zimeandikwa « peke yake », kwa biki moja, kwa mukono mumoja, na bila shaka kwa jioni moja, kabla ya Padri kupita. Kijiji hatukitaji, ndugu yetu anatusikiliza hapa na tumekwisha kusameheana. Lakini tangu siku hiyo katekista wa kijiji jirani anakuja kusikiliza watoto 5 kwa kura, kila miezi 3.

Mapadri wageni wetu watatukumbusha kwamba Kanisa lenyewe limerudisha katekumenato ya vituo, kwa kitabu cha ibada cha mwaka 1972, na kwamba yale machunguzo ya Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima si mutihani wa kukariri. Tunakubali. Tunawaomba basi Mapadri wetu, wanapokuja kuuliza watoto mbele ya ubatizo, wafungue kwanza ukurasa wa mutoto, waone alikotoka, ndipo waulize.

Juu ya binti yule: ameolewa, anauza samaki sokoni. Mwezi wa 9 uliopita alileta mutoto wake wa kwanza kuandikwa. Alisimama mulangoni, hakuingia, akauliza jambo moja tu: mutoto atakaa wapi? Tulimuonyesha kiti cha mbele.

Kaye za mwaka wa kwanza ziko juu ya meza, karibu na mulango wa sakristia. Wazazi wazitazame kabla ya kurudi nyumbani, na wakiona tumeandika lisilo kweli juu ya mutoto wao, watuambie leo leo.